Je, Wajua? Yesu Alipoagana na Mama Yake

Je, wajua kwamba picha ya dini iliyopendwa mno Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 16 inaonyesha tukio ambalo halimo katika Injili hata moja? Ni picha ya Yesu akiagana na Maria, mama yake, kabla ya kuingia Yerusalemu kuteswa. Fungua Mathayo, Marko, Luka na Yohane. Utamkuta Yesu Bethania, utamkuta Martha akihudumia wageni, utamkuta mwanamke mwenye marhamu ya thamani. Mama yake humkuti. Anatokea baadaye, chini ya msalaba, katika Yohane sura ya 19, na hapo mwanawe anamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Hayo ndiyo maagano pekee ya mama na mwana tuliyoandikiwa. Waumini wa Ulaya waliona hayatoshi.

Je, wajua basi tukio hili lilitoka wapi? Lilitoka katika kitabu kiitwacho Tafakari za Maisha ya Kristo, kilichoandikwa Italia na mtawa wa Kifransisko kwa ajili ya sista mmoja wa shirika la Mtakatifu Klara. Kwa karne nyingi watu waliamini mwandishi ni Mtakatifu Bonaventura, aliyefariki 1274. Wataalamu wa leo hawakubali. Wanakiweka kitabu hicho katika karne ya 14. Nakala zake za mkono zilizosalia zinapita 200, na kwa kitabu cha zama zile hiyo ni idadi kubwa sana.

Mwandishi yule alimtaka sista ajione yumo ndani ya nyumba, ameketi pembeni, anasikia kila neno. Siku ni Jumatano, siku moja kabla ya Karamu ya Mwisho. Yesu anakula chakula cha jioni kwa Martha na dada yake Maria, na mama yake yupo. Mama anamsihi asiende Yerusalemu, ale Pasaka hapo hapo Bethania pamoja nao. Maria Magdalena naye anaunga mkono. Yesu anawaambia kwamba saa imefika na mapenzi ya Baba lazima yatimie. Ndipo mama anauliza: Mungu ambaye hashindwi na lolote, hawezi kuwaokoa watu kwa njia nyingine, mwanangu asife? Mzazi yeyote angeuliza hivyo hivyo. Nadhani hapo ndipo penye siri ya umaarufu wa kisa hiki: hakijaandikwa katika Injili, lakini kila aliyewahi kumsindikiza mtoto asiyejua kama atarudi anakiamini papo hapo.

Je, wajua kwamba kutoka Bethania hadi Yerusalemu ni kilomita tatu tu? Safari inayoliliwa katika picha hizi ni ya mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, kuuzunguka Mlima wa Mizeituni.

Wachoraji wa kaskazini, ambao wengi wao hawakuwahi kufika Nchi Takatifu, waliichora Bethania kama walivyoona kwao. Lango la mji ni la mji wa Kijerumani. Miti ni misonobari. Nyuma kuna milima ambayo Palestina haina.

Je, wajua jinsi ya kuitambua picha hii ukikutana nayo makumbusho, kitabuni au kwenye kalenda ya parokia? Anza na kundi la wanawake. Katikati yao yuko mmoja aliyevaa joho la buluu na shela nyeupe: huyo ni Maria. Mara nyingi ameanguka chini au anashikiliwa asianguke. Mwanamke aliyevaa kitajiri kuliko wenzake huwa ni Magdalena. Yesu yuko peku, amevaa kanzu ndefu isiyo na pambo, na mara nyingi mkono wake wa kulia umeinuliwa kubariki. Nyuma yake wanasubiri wanafunzi: Petro mzee mwenye ndevu za mvi, Yohane kijana asiye na ndevu. Msalaba haupo. Damu haipo. Askari hawapo. Ndiyo maana wengi huipita wakidhani ni picha ya mazungumzo ya kawaida.

Je, wajua kwamba Albrecht Dürer wa Nuremberg alilichora tukio hili mara mbili, na mara zote mbili kwa chapa za ubao wa kuchongwa? Moja imo katika mfululizo wa Maisha ya Bikira Maria, nyingine katika ule uitwao Mateso Madogo. Mifululizo yote miwili ilitolewa kama vitabu mwaka 1511. Katika ile ya kwanza Maria ameketi chini mlangoni mwa mji huku wanawake wakimshikilia, na Yesu amesimama mbele yake akimbariki. Chapa ilikuwa karatasi tu, nyepesi, rahisi kusafirisha. Fundi wa kijiji cha mbali ambaye hangeweza kufika Nuremberg aliinunua sokoni, akaibandika ukutani mwa karakana yake, akaifuata mstari kwa mstari. Ndiyo maana picha nyingi za mafundi wasiojulikana jina zina Maria aliyeinama kama Maria wa Dürer.

Wizi nao ulikuwepo. Mwitalia Marcantonio Raimondi alinakili chapa 17 za Maisha ya Bikira Maria kwa kuzichonga kwenye shaba, pamoja na ile alama maarufu ya Dürer ya herufi A na D. Vasari, mwandishi wa habari za wachoraji wa karne ile, anasimulia kwamba Dürer alikwenda kushtaki Venice, na alichopata ni amri kwamba alama yake isitumiwe tena. Alipotoa vitabu vyake mwaka 1511 aliweka onyo kali kwa wezi wa kazi za watu, akataja ulinzi aliopewa na Kaizari Maximilian.

Je, wajua kwamba almasi za Afrika Kusini zinahusika na mojawapo ya picha kuu za maagano haya? Albrecht Altdorfer wa Regensburg aliichora karibu mwaka 1520. Ni ubao mkubwa; kimo chake kinapita mita moja na robo. Maria amelala chini amezirai, wanawake wamemzunguka, Yesu anabariki, na nyuma yao miti na majani yamestawi kana kwamba hakuna anayelia. Karne kadhaa baadaye ubao huo ulikuwa mali ya familia ya Wernher, ambayo mzee wao, Julius Wernher, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alitajirika kwa almasi za Kimberley. Mwaka 1980 National Gallery ya London iliununua kutoka kwa familia hiyo. Ukienda kuuona, usiondoke kabla hujatazama pembe ya chini upande wa kulia: kuna watu wadogo mno, wamepiga magoti. Hao ndio waliolipia kazi. Mchoraji amewafanya wadogo ili ijulikane kwamba hawakuwepo Bethania. Wamealikwa tu kutazama.

Je, wajua kwamba Mwitalia mmoja aliugeuza mpangilio huo wote? Kwa Wajerumani wengi, Yesu amesimama na mama yuko chini. Lorenzo Lotto, aliyekuwa akiishi Bergamo, mwaka 1521 alimchora Yesu amepiga magoti mbele ya mama yake, mikono ameikunja kifuani kwa unyenyekevu. Mwana anaomba baraka za mama kabla ya kwenda kufa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Kwetu mtoto anayesafiri bila radhi za mama ni mtoto aliyeondoka nusu, na Lotto, ambaye hakuwahi kutusikia, alilijua hilo. Maria wake hawezi hata kutoa hizo baraka: anaanguka, mikono imetanuka, na walio karibu wanamdaka. Pembeni kulia, katika jumba lile lile, amepiga magoti mwanamke aliyevaa mavazi ya fahari ya karne ya 16, kitabu cha sala mkononi. Ni Elisabetta Rota, mke wa Domenico Tassi, aliyeagiza kazi hiyo. Macho yake yako kwenye kitabu. Yaani tunachokiona sisi, yeye anakiona moyoni anaposoma. Hivyo ndivyo hasa mwandishi wa Tafakari alivyotaka, na sijaona mchoraji aliyeueleza wazi zaidi uhusiano wa kitabu, sala na picha. Mchoro huo uko Gemäldegalerie, Berlin.

Correggio naye aliuchora mkasa huu angali kijana, na kazi yake iko London. Lucas Cranach Mzee, yule rafiki wa Martin Luther, aliuchora pia. El Greco aliuchora Hispania akiwabakiza wawili tu, mama na mwana, nyuso karibu, bila umati wa wasindikizaji.

Na Gerard David wa Bruges? Yeye aliuchora kwenye ubao mdogo ambao hautimizi sentimita 20 kwa urefu, uliotengenezwa kwa sala za chumbani. Hakuna anayezimia. Yesu anainua mkono, mama anasikiliza, wanawake wawili wako nyuma. Uko New York, Metropolitan Museum. Mimi huupenda kuliko mingi mikubwa, kwa sababu mtu aliyeushika mkononi usiku, peke yake na mshumaa, alikuwa karibu na uso wa Maria kama alivyokuwa karibu na kitabu chake.

Je, wajua kwamba kuzimia kwa Maria kuliwahi kupelekwa kwa mtaalamu wa teolojia kama kesi? Waumini walitaka iwepo sikukuu rasmi ya kuzimia kwake. Papa Julius II alilikabidhi suala hilo kwa Tommaso de Vio, ajulikanaye kama Cajetan, na mwaka 1506 Cajetan akaandika jibu: hapana. Hoja yake ya kwanza ilikuwa Injili yenyewe. Yohane anasema mama wa Yesu alisimama karibu na msalaba, hasemi alianguka. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi: mtu aliyezimia hana habari, na Maria alishiriki mateso ya mwanawe kwa akili timamu, macho wazi. Ni hoja ya heshima kubwa kwa mama huyu. Hata hivyo wachoraji waliendelea kumzimisha. Altdorfer na Lotto wote wawili walichora baada ya jibu hilo.

Je, wajua kwamba Wakatoliki wa Afrika Mashariki husimama mbele ya maagano yanayofanana na haya kila Ijumaa ya Kwaresima? Ni kituo cha nne cha Njia ya Msalaba: Yesu anakutana na Mama yake. Hicho nacho hakimo katika Injili. Kimetoka katika ibada za mahujaji na mapokeo ya watu, kama yale ya Bethania, na kikaingia katika orodha ya vituo 14 iliyoenea dunia nzima. Yerusalemu penyewe, kwenye kituo cha nne, pana kanisa la Waarmenia Wakatoliki liitwalo Mama Yetu wa Kuzimia. Cajetan alishinda hoja, lakini jina lipo mpaka leo.

Na kuna picha ya Raphael ya mkutano huo wa njiani, Yesu ameanguka na msalaba, mama anamnyooshea mikono asiweze kumfikia. Ilichorwa kwa ajili ya kanisa moja la Palermo, Sicily. Vasari anasimulia kwamba meli iliyoibeba ilivunjika baharini, watu na mizigo wakapotea, na sanduku la picha likaelea mpaka likafika Genoa bila hata doa. Sasa iko Prado, Madrid.

Je, wajua kwamba sikukuu ya Mama wa Mateso ilizaliwa katikati ya mapambano ya kidini? Mwaka 1423 sinodi ya Cologne iliweka sikukuu ya uchungu wa Maria kama jibu kwa wafuasi wa Jan Hus waliokuwa wakivunja picha na sanamu. Mwaka 1814 Papa Pius VII aliieneza sikukuu ya Mateso Saba kwa Kanisa zima, na siku hizi huadhimishwa tarehe 15 Septemba. Hesabu zile saba ambazo Wakatoliki huzisali: utabiri wa Simeoni, kukimbilia Misri, kupotea kwa Yesu hekaluni, kukutana njiani, kusulubiwa, kushushwa msalabani, kuzikwa. Maagano ya Bethania hayakuingia. Naona ni hasara.

Je, wajua kwamba mkasa huu bado unaigizwa? Wanakijiji wa Oberammergau, kusini mwa Ujerumani, waliweka nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni kwamba wakinusurika wataigiza Mateso ya Bwana kila baada ya miaka kumi. Walianza 1634. Onyesho la 2020 liliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, likafanyika 2022. Ndani ya mchezo huo Yesu anaagana na mama yake Bethania, na kwa mapokeo ya kijiji tukio hilo hutanguliwa na onyesho la kimya la watu waliosimama tuli: kijana Tobia akiwaaga wazazi wake. Wanaosoma Kitabu cha Tobiti wanakumbuka jinsi Anna, mama yake Tobia, alivyolia mwanawe alipoondoka na mwenzi wa safari ambaye hawakujua ni malaika. Tofauti ni kwamba Tobia alirudi na mke na dawa ya macho ya baba yake.

Sasa tugeukie wale wasio na jina, ambao kwa kweli ndio walioichora picha hii mara nyingi zaidi.

Je, wajua kwa nini picha nyingi za karne ya 15 na 16 hazina sahihi? Sababu ya kwanza ni kwamba mchoraji alihesabiwa fundi, sawa na seremala au mfua dhahabu. Alikuwa mwanachama wa chama cha mafundi, ambacho katika miji mingi kiliwekwa chini ya Mtakatifu Luka. Chini yake walikuwepo wanagenzi: mmoja alisaga rangi, mwingine alipaka anga, bwana mwenyewe akamalizia nyuso. Kuweka jina moja kwenye kazi ya mikono minne haikuwa desturi. Antwerp, ambako jengo maalumu la kuuzia picha lilifunguliwa mwaka 1460, mnunuzi alitafuta alama ya mkono iliyochomwa kwenye ubao, ambayo ilimthibitishia kwamba mbao zimekaguliwa. Jina la mchoraji halikuwa dhamana. Chama ndicho kilichokuwa dhamana.

Sababu ya pili inauma. Majina mengine yaliandikwa, yakapotea. Jan van Eyck, kwa mfano, mara nyingi aliandika jina lake na tarehe kwenye fremu, si kwenye picha. Fremu inapochakaa hutupwa, na jina huenda nayo. Picha za altare zilikuwa na mabawa ya kufunga na kufungua, yaliyochorwa pande zote mbili. Wafanyabiashara waligundua kwamba bawa moja likipasuliwa kwa msumeno katika unene wake linatoa picha mbili za kuuza. Hata mabawa ya altare maarufu ya Ghent yalipasuliwa hivyo huko Berlin mwaka 1894, ili pande zote mbili ziweze kutundikwa na kuonekana kwa pamoja. Ubao uliokatwa na kusambazwa hauelezi tena umetoka kanisa gani wala jirani yake alikuwa nani.

Kabla ya msumeno yalikuja mashoka. Zurich iliondoa picha makanisani mwaka 1524, Basel ikafuata 1529 kwa vurugu, na Agosti 1566 wimbi la uvunjaji likaikumba Uholanzi ya kale yote, kanisa kuu la Antwerp likiwemo. Kilichosalimika huko Ujerumani kilingoja mwaka 1803, serikali zilipotwaa mali za monasteri. Picha zilitoka kwenye kuta zilizokaa miaka 300, zikapakiwa kwenye mikokoteni, zikauzwa. Karatasi za mikataba zilibaki kwenye makabati ya watawa au zikachomwa. Tunaposema mchoraji hajulikani, mara nyingi maana yake ni kwamba watu walimjua, kisha vita, sheria na biashara vikamfuta.

Je, wajua kwamba wataalamu huwapa wasiojulikana majina ya dharura? Wakiona picha tatu au nne zenye mkono mmoja, namna moja ya kuchora masikio, vidole au mikunjo ya nguo, humwita bwana wa jambo fulani: Bwana wa Flémalle, Bwana wa Hekaya ya Mtakatifu Lusia, Bwana wa Majani ya Tarizi. Huyo wa mwisho alibatizwa hivyo na Max J. Friedländer kwa sababu majani ya miti yake yanafanana na tarizi za nguo. Friedländer alizipanga picha za Uholanzi ya kale katika juzuu 14 zilizotoka kati ya 1924 na 1937, nyingi zikiwa za watu wasio na jina. Alitegemea jicho lake kwanza, na hadi leo makumbusho mengi yanafuata alipoelekeza.

Je, wajua kwamba mti unaweza kusema pale mchoraji alipokaa kimya? Wachoraji wa Bruges na Antwerp walitumia mbao za mwaloni, nyingi zikiletwa kwa meli kutoka nchi za Bahari ya Baltiki kupitia Gdańsk. Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka, nene mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa shida. Mtaalamu hupima pete kwenye ukingo wa ubao, hulinganisha mfuatano wake na kumbukumbu za misitu, na husema pete ya mwisho iliota mwaka gani. Picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko pete hiyo. Waitaliano walitumia mpopla, mti unaokua haraka na wenye pete chache, nao hauwezi kutoa ushahidi kama huo. Aina ya mbao peke yake tayari inakuonyesha upande wa dunia wa kutafuta.

Na chini ya rangi? Ubao ulipakwa gundi ya ngozi iliyochanganywa na chaki huko kaskazini, au jasi huko Italia, ukasuguliwa ukawa laini kama ganda la yai. Juu yake fundi alichora kwa mkaa au wino mweusi. Mchoro huo wa awali umefunikwa kwa miaka 500, lakini kaboni hufyonza mionzi ya infraredi ilhali rangi nyingi huipitisha, na tangu miaka ya 1960 Mholanzi van Asperen de Boer alipoanzisha mbinu ya kamera ya infraredi, wataalamu wanauona. Wakiona nukta ndogo zilizopangwa mstari, wanajua fundi alitumia karatasi iliyotobolewa matundu na kupitisha vumbi la mkaa: kazi ya kunakili. Wakiona mistari iliyofutwa, mkono wa Yesu uliochorwa chini kisha ukainuliwa, wanajua fundi alikuwa akifikiri palepale. Huyo si mnakili, hata kama jina lake hatutalipata kamwe.

Je, wajua kwamba joho la Maria lingeweza kuwa ghali kuliko sehemu nyingine yoyote ya picha? Buluu bora ilitengenezwa kwa kusaga jiwe la lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan. Mkataba wa Domenico Ghirlandaio wa mwaka 1485, wa picha ya Mamajusi kwa ajili ya hospitali ya watoto waliotelekezwa ya Florence, ulitaja kwamba buluu iwe ya thamani ya florini nne hivi kwa wakia moja. Fundi wa mji mdogo wa Ujerumani hakuweza hilo. Alitumia azuraiti, jiwe la shaba linalochimbwa kwao, lenye buluu inayoelekea kijani. Vanishi iliyozeeka juu yake huifanya ionekane nyeusi, na ndiyo maana Maria wengi wa makanisa madogo wanaonekana wamevaa kaniki ilhali walivalishwa anga.

Je, wajua jinsi chozi linavyochorwa? Karakana ya Dieric Bouts wa Leuven, aliyefariki 1475, na baadaye ya mwanawe Albrecht, ilitoa picha nyingi za jozi: upande mmoja Kristo mwenye taji la miiba, upande wa pili Mama mwenye huzuni. Sogea karibu na shavu la mama. Chozi lenyewe karibu halina rangi. Ni ngozi ile ile inayoonekana kupitia maji. Upande mmoja kuna kivuli chembamba, upande wa pili mwanga uliorudi, na juu yake nukta moja ya nyeupe ya madini ya risasi iliyowekwa kwa ncha ya brashi. Kope zimeguswa nyekundu, kwa sababu mtu aliyelia tangu asubuhi huwa na kope nyekundu. Fundi aliyeweka nukta ile aliwahi kumtazama mtu akilia, akamtazama kwa makini na kwa huruma. Hilo tunaweza kulisema juu yake kwa uhakika kuliko mengi yanayosemwa juu ya wachoraji wenye majina.

Je, wajua kwamba picha isiyo na jina inaweza kukaa jikoni? Mwaka 2019 ubao mdogo wa Kristo akidhihakiwa, takriban sentimita 26 kwa 20, ulikutwa ukining'inia karibu na jiko la mwanamke mzee huko Compiègne, Ufaransa. Familia ilidhani ni ikoni tu ya zamani. Wataalamu walitambua mkono wa Cimabue wa Florence, na hata njia za wadudu waliotoboa mbao zilisaidia kuuunganisha na vipande vingine vya kazi ile ile. Uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 24.

Je, wajua kwamba wakati mwingine jina lipo, ila liko mgongoni? Kwa miaka mingi wataalamu walimsifu mchoraji mmoja wa Ufaransa wakimwita Bwana wa Moulins, kwa altare yake kubwa iliyoko katika mji huo. Mwaka 1494 Mfaransa mmoja aliagiza picha ya Kristo mwenye taji la miiba, machozi machoni, ambayo sasa iko Brussels. Nyuma ya ubao huo pameandikwa kwa Kilatini kwamba mchoraji ni Jean Hey, mtu wa asili ya kaskazini, fundi mahiri. Walipolinganisha nyuso, mikono na namna ya kupaka rangi, wengi waliafikiana kwamba Jean Hey ndiye Bwana wa Moulins. Basi ukipata ruhusa ya mtunza makumbusho, mwombe akuonyeshe na upande wa nyuma.